Wanaoilaani P2 Ndio Wanaojaza Wodi

Hapa Nakuru kuna jambo linalosemwa kwa uhakika mkubwa, hata anayelipinga huonekana hana dini wala mtoto wa kike. Linasemwa kwenye mikutano ya wazazi shuleni, kwenye mimbari, kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, na hata na baadhi ya wauzaji wanaoiuza dawa yenyewe. Wanasema P2, ile pakiti ndogo inayonunuliwa kwa mia moja na kitu au mia mbili, ni utoaji mimba wa haraka. Wanasema binti akiimeza mara mbili tatu kizazi kimekwisha. Wanasema pia kwamba tangu izagae madukani, wasichana wa Egerton, wa Kabarak na wa vyuo vya mjini wamepoteza aibu. Kila msimu wa Safari Rally kule Naivasha mizaha ya P2 hujaa mitandaoni, na mzaha ukiisha mahubiri huanza.

Nayapinga yote matatu. Mawili ya kwanza ni uongo mtupu, na la tatu halisimami mbele ya waliokwisha kulipima. Ila kinachoniuma kuliko uongo wenyewe ni matokeo yake. Msichana anayeambiwa kwamba P2 ni kuua mtoto husita. Kusita kunakula saa, na dawa hii nguvu yake iko katika saa. Akichelewa, mimba asiyoitaka inatunga, na hapo ndipo safari ya kumtafuta mtoa mimba wa vichochoroni inapoanza. Kwa hiyo nasema waziwazi: wanaoilaani P2 kwa jina la kutetea mimba wanawapelekea wateja watoa mimba. Ni shutuma nzito, na sitaitoa bila ushahidi.

Tuanze na kilichomo ndani ya pakiti. Postinor-2, ambayo ndiyo iliyotupa jina P2, ina vidonge viwili vidogo vyeupe, kila kimoja kikiwa na miligramu 0.75 za levonorgestreli. Zamani mtu aliagizwa ameze kimoja, kisha kingine baada ya saa 12. Siku hizi vyote viwili vinamezwa kwa pamoja, jumla miligramu 1.5. Homoni hiyo si ngeni kwetu hata kidogo. Imo katika vidonge vingi vya kila siku vya kupanga uzazi ambavyo mama zetu wamekuwa wakipewa kliniki miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewaita wauaji.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Kila mwezi yai moja hukua ndani ya kifuko chake kwenye ovari. Linapokaribia kupevuka, ubongo humimina kwa ghafla homoni iitwayo LH, na mmiminiko huo ndio unaokipasua kifuko ili yai litoke. Likishatoka, huishi siku moja tu hivi. Mbegu za mwanamume zina uvumilivu zaidi, kwani zaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikilingoja. Ndiyo maana mimba nyingi hutokana na tendo lililofanyika kabla yai halijatoka, pengine siku mbili tatu kabla. Katika mwanya huo ndipo P2 inapoingia. Inauzuia ule mmiminiko wa LH, au inauchelewesha. Yai linabaki ndani, na mbegu zinakufa zikisubiri. Ni kama kuishikilia matatu stejini: kabla haijang'oa unaweza kuizuia, lakini ikishashika barabara ya Njoro kelele zako hazitairudisha.

Maana yake ni kwamba P2 haina uwezo wowote baada ya yai kutoka. Haya si maneno ya mtengenezaji anayetaka kuuza. Watafiti wa Santiago, nchini Chile, walichapisha mwaka 2011 kazi ambayo ningependa isomwe katika kila mkutano wa wazazi. Wanawake waliokuja kutafuta dawa hii walipimwa damu na kupigwa ultrasaundi ili ijulikane yai la kila mmoja limefika wapi. Kati ya 103 walioimeza kabla yai halijatoka, hakushika mimba hata mmoja. Kati ya 45 walioimeza siku ya yai kutoka au baadaye, 8 walishika mimba, karibu sawasawa na ambao wangeshika kama wasingemeza chochote. Kama P2 ingekuwa inatoa mimba, hao 8 wangetoka wapi?

Wapinzani wangu wenye kusoma huwa na jibu moja, nami nalijua. Kwa miaka mingi maandishi kwenye pakiti za Marekani yalisema kwamba huenda dawa hii ikalizuia yai lililorutubishwa lisijipachike kwenye mji wa mimba. Sentensi hiyo ilinakiliwa ikazunguka dunia nzima, ikafika hadi kwenye vijitabu vinavyogawiwa makanisani kwetu. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa kwa sababu ushahidi haukuiunga mkono. Vijitabu havikurekebishwa.

Mwanamke akiwa tayari na mimba bila kujua, akameza P2, mimba inaendelea na mtoto hadhuriki. Na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu levonorgestreli ni ya ukoo wa projesteroni, homoni ambayo mwili wenyewe huitumia kuitunza mimba. Dawa zinazotoa mimba ni nyingine kabisa, mifepristoni na misoprostoli. Mifepristoni huifungia njia projesteroni, yaani inafanya kinyume cha P2. Anayeziweka dawa hizi kapu moja ama hajasoma, ama amesoma akaamua kunyamaza.

Haki inanilazimu niseme jambo moja zaidi. Iko njia ya dharura ambayo mtu mwenye imani tofauti na yangu anaweza kuihoji bila kuwa mjinga, nayo ni koili ya shaba. Kazi yake kubwa ni kuziua mbegu za kiume, maana shaba ni sumu kwazo. Lakini ikiwekwa siku kadhaa baada ya tendo, yawezekana pia ikalizuia yai lililorutubishwa lisijipachike. Tiba huhesabu mimba kuanzia yai linapojipachika. Kanisa Katoliki huhesabu uhai kuanzia yai linaporutubishwa. Aliye na msimamo huo ana haki ya kuikataa koili kwa ajili ya mwili wake. Hana haki ya kuichukua hoja ya koili akaibandika P2, ilhali hoja hiyo haiihusu.

Turudi kwenye saa, maana hapa ndipo watu wanapoangamia. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti wa karibu wanawake 2,000 katika nchi mbalimbali. Levonorgestreli iliyomezwa ndani ya saa 24 ilizuia asilimia 95 ya mimba ambazo zingetarajiwa. Kati ya saa 25 na 48 ilizuia asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Dawa ni ile ile, bei ni ile ile, tofauti ni kuchelewa. Sababu umeshaiona: kila saa inayopita inamsogeza mtu karibu na ule mmiminiko, na ukishaanza mlango umefungwa.

Simama Jumapili jioni kando ya kaunta ya duka la dawa Kaptembwo, au Njokerio nje ya geti la Egerton. Msichana anaingia, anaona kuna watu, anajifanya anatazama mafuta ya kujipaka. Mama mwenye mtoto anayekohoa anahudumiwa, kijana wa boda anachukua dawa ya mgongo. Wakishatoka anaomba Panadol. Analipa. Kisha, macho kwenye kioo cha kaunta, sauti chini: "Daktari, P2 iko?" Muuzaji anaitia kwenye karatasi ya kaki, anaisukuma mbele. "Mia mbili." Basi. Hamwulizi ni lini, wala hamwelezi ameze vyote pamoja. Hamwulizi kama anatumia dawa nyingine, hamwambii arudi lini kupima. Msichana naye hathubutu kuuliza, kwa sababu anaamini anafanya jambo ovu, na kwa mtazamo wake muuzaji amemfanyia hisani kwa kutomtangaza.

Huyo angalau amefika. Mwingine tendo lilikuwa Jumamosi saa nne usiku, na Jumapili yote ameimaliza akijiuliza kama Mungu atamsamehe. Jumatatu anamuuliza rafiki yake, rafiki anamwambia itamfunga kizazi. Jumanne asubuhi ndipo anajikaza. Saa 72 zinamwishia Jumanne hiyo hiyo saa nne usiku, na ameshaingia kwenye kundi la asilimia 58. Hakucheleweshwa na umbali wala umaskini. Alicheleweshwa na sisi.

Na wapo wanaocheleweshwa na vyote kwa pamoja. Wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, wale wa Karagita na Kamere, huingia kazini alfajiri, na kabla ya Valentine kazi ya ziada huwafikisha usiku. Kliniki ya serikali inafunguliwa wakiwa ndani ya greenhausi na inafungwa kabla hawajatoka. Anayeishi hivyo akiongezewa siku moja ya hofu, amemaliza nafasi yake yote.

Shutuma ya kizazi inaumiza zaidi kwa sababu inasemwa na watu wanaowapenda mabinti wao. Katika jamii zetu za Bondeni na za Kuresoi vilevile, mwanamke asiyezaa hubeba mzigo ambao mwanamume haulizwi. Hofu hiyo naielewa na siidharau. Lakini hebu tufanye hesabu. Vijiti vya Jadelle, ambavyo maelfu ya wanawake wa Kenya wamewekewa mkononi, ni viwili, na kila kimoja kina miligramu 75 za levonorgestreli. Jumla 150. Vinakaa mwilini miaka 5, vikitoa homoni hiyo usiku na mchana, na vikitolewa mwanamke hushika mimba kama kawaida. P2 ina miligramu 1.5, sehemu moja ya mia ya hizo, na ndani ya siku chache mwili umeshaiondoa. Itakuwaje kidogo kiharibu kisichoharibiwa na kingi?

Inachofanya kweli ni kuvuruga mwezi. Hedhi yaweza kuja mapema au ikachelewa, na damu kidogo yaweza kutoka katikati. Wengine hupata kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Anayeimeza mara tatu kwa mwezi mmoja ataona mwezi wake umepoteza mpangilio kabisa, na hapo ndipo uvumi wa kizazi unapozaliwa, kwa sababu damu isipokuja kwa wakati binti hudhani kuna kitu kimekatika ndani.

Kinachofunga kizazi kipo, na kinajulikana. Ni kisonono na klamidia zisizotibiwa, ambazo huiziba mirija ya uzazi kimyakimya. Ni usaha unaobaki tumboni baada ya mimba kutolewa na mtu asiye na ujuzi kwa vyombo vichafu. Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC walikadiria kwamba mimba zaidi ya 464,000 zilitolewa Kenya katika mwaka 2012 pekee, na wanawake wapatao 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Kitaifa ilikuwa mimba 48 kwa kila wanawake 1,000 walio katika umri wa kuzaa. Bonde la Ufa lilikuwa na 64, juu kuliko eneo lingine lolote nchini. Eneo hilo ndilo letu. Kifungu cha 26 cha Katiba kinazuia utoaji mimba ila pale matibabu ya dharura yanapohitajika, uhai au afya ya mama inapokuwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu, na bado wanawake walikwenda, kwa waliowapata. Mama anayemkataza bintiye P2 ili kukilinda kizazi anamsogeza karibu na kile hasa kinachokiharibu.

La kupoteza aibu sitalikalia sana. Tafiti ambazo wanawake walipewa dawa hii mapema waiweke nyumbani zilichambuliwa kwa pamoja mwaka 2007, na hawakuonekana wakizidisha ngono bila kinga wala wakiugua magonjwa ya zinaa kuliko wenzao. Nisifiche upande wa pili: mimba katika jamii kwa jumla hazikupungua pia, na sababu mojawapo ni kwamba wengi hawakuimeza hata walipoihitaji. Sijawahi kusema P2 ni muujiza. Anayeitegemea kila wikendi analindwa kidogo kuliko mwenye sindano, kijiti au koili, na haimkingi hata chembe dhidi ya virusi vya ukimwi. Vijana wanaotuma mia mbili kwa M-Pesa na ujumbe wa maneno matatu, wakidhani wamemaliza wajibu wao, wananichukiza kama wanavyomchukiza mhubiri yeyote. Lakini mhubiri hamkemei kijana huyo. Anamkemea msichana aliye kwenye kaunta.

Na kelele zetu zina gharama nyingine. Tukiwa tumeshughulika kuilaani dawa, hakuna anayepata nafasi ya kuwaeleza watu namna ya kuitumia, na yako mambo ambayo kutoyajua kunaleta mimba. Kubwa kuliko yote ni hili: yai lililocheleweshwa bado linakuja. Anayemeza P2 Ijumaa kisha akalala na mwenzake Jumapili bila mpira amejiweka hatarini zaidi, kwa sababu lile yai lililozuiwa huenda linatoka wiki hiyo hiyo. Dawa inashughulikia lililopita tu. Akitapika kabla ya saa mbili kupita, anahitaji kumeza upya. Mwenye mwili mzito huenda isimsaidie ipasavyo. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, au anayetumia efavirenzi kwa virusi vya ukimwi, ini lake huivunja dawa upesi mno, na ndiyo maana tangu 2016 Uingereza inawashauri wanawake hao wameze dozi maradufu iwapo hawawezi kuwekewa koili. Zikipita wiki 3 bila hedhi, apime mkojo. Ni mambo ya kuelezwa kwa dakika mbili kwenye kaunta, na muuzaji angeyasema kama mteja asingekuwa anakimbia.

Koili nayo imezikwa chini ya kelele hizi hizi. Ikiwekwa ndani ya siku 5 inazuia zaidi ya mimba 99 kati ya kila 100, uzito wa mwili hauipunguzi nguvu, na inaweza kuachwa ikaendelea kumkinga mwanamke miaka 10 au zaidi. Yule msichana wa Jumamosi saa nne usiku angekuwa na nafasi hadi Alhamisi. Ipo pia ulipristali, kidonge cha miligramu 30 kinachofanya kazi hadi saa 120 na hata pale ambapo LH imeshaanza kupanda, ingawa si rahisi kukipata madukani kwetu kama P2. Nani aliwahi kumtajia mojawapo?

Nimeacha mwisho lile ambalo wapinzani wangu hupenda kulipita kwa haraka. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, watu waliofukuzwa makwao walijaa kwenye uwanja wa maonyesho hapa Nakuru na kwenye uwanja wa Afraha, na Naivasha ikawaka mwishoni mwa Januari. Tume ya Jaji Waki, iliyozichunguza ghasia zile, ilisikiliza na kuandika jinsi wanawake walivyobakwa nchini kote. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa Mahakama Kuu, chini ya Jaji Weldon Korir, kuamua kwamba serikali ilishindwa kutimiza wajibu wake kwa manusura, na wanne kati ya waliokwenda mahakamani wakapewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka 12 ya kungojea haki. Mwili wa mwanamke aliyebakwa haungoji miaka 12. Una siku 5.

Na ubakaji haukuisha na uchaguzi ule. Mtoto wa miaka 15 akibakwa leo kijijini karibu na Olenguruone, wa kwanza kuitwa ni mzee wa kijiji, kisha chifu, kisha wazazi wa pande mbili wakae wasuluhishe. Siku ya pili mtu anasema lazima kwanza ipatikane fomu ya P3 polisi. Si kweli. Mwongozo wa kitaifa unataka atibiwe kwanza, karatasi zifuate, na kanuni zilizotungwa mwaka 2012 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 zinamhakikishia matibabu bila malipo katika hospitali ya umma. Katika matibabu hayo imo dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, ambayo lazima aianze kabla ya saa 72, na imo dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Muuguzi wa zamu aliyelishwa kwamba P2 ni kuua mtoto atamnyima au atamzungusha, na hakuna atakayejua. Mimba ikionekana baada ya miezi miwili, wale wale walioilaani dawa watakaa kikao kuamua kama mtoto huyo aolewe na aliyembaka.

Mwenye kusema kwamba msichana huyu asipewe P2 na aseme mbele ya mama yake, kwa sauti ile ile anayoitumia mimbarani, bila kujificha nyuma ya habari za wanafunzi wa vyuo na wikendi za Naivasha. Mpaka atakapofanya hivyo, pakiti ile iwe kwenye kabati la kila kituo cha afya kuanzia Maai Mahiu hadi Kuresoi, ufunguo awe nao muuguzi wa usiku, na mtoto asikalishwe kwenye benchi akisubiri P3 ipigwe muhuri.